Mikate Hamsini na Mitatu

Radka, mpishi wa chekechea moja huko Plovdiv, Bulgaria, aliahidiwa programu ya kuagizia mikate. Wiki tatu nzima akawa anawapikia kahawa waandishi wake wawili, Zhivko na Ognyan, nao wanabishana tu. Ognyan alitaka programu iandikwe kwa lugha kali ya kompyuta, ambayo ndani yake kila kitu lazima kwanza kitajwe kama ni namba au ni maneno. Zhivko alitaka lugha isiyouliza maswali.

“Lugha yako askari wa mpakani, bwana! Hata kujumlisha mpaka uonyeshe pasi!” Zhivko akasema.

“Na yako mlango usio na komeo. Mbuzi naye anaingia.”

Zhivko, kwa kumkomoa mwenzake, akaandika programu kwa lugha yake kwa siku moja. Radka akajaza mikate 5 ya asubuhi na 3 ya jioni. Kesho yake gari likashusha mikate hamsini na mitatu, kwani programu ilidhani zile namba ni maneno, ikabandika 5 na 3 zikawa 53.

Ognyan alicheka hadi machozi. “Yangu isingethubutu upuuzi huo!”

“Enhe, yako iko wapi?” Radka akauliza.

Ognyan alikuwa bado anaifafanulia lugha yake mkate ni nini.

Radka akawatwika mikate ishirini kila mmoja, akawafungulia mlango, kisha akampigia mwokaji simu aagize mikate ya kesho mwenyewe.