Siku Letisia Alisema Kweli

Mama alikufa alfajiri kule Marambo. Kaka yangu Mahamudu akanipigia simu: "Tunazika baada ya Alasiri. Hatumngoji mtu." Nilitaka kitu kimoja tu, kuuona uso wake kabla hawajaufunika.

Mimi nimeolewa Ruangwa. Ilipofika saa sita ndipo tukapata gari la Rashidy, mimi na Letisia, mtani wetu. Mtani hakosi kwenye msiba wetu. Kazi yake ni kutania, na mfiwa haruhusiwi kukasirika.

Alianza kabla hatujapanda. "Tunu, lia basi! Au mama yako alikunyima mboga?" Kisha akainama karibu na tairi la nyuma. "Jamani, hili tairi linatoa upepo. Linalia kuliko mfiwa mwenyewe!"

Rashidy akacheka. "Wewe mtani, hata malaika wa kaburini utawadanganya. Pandeni twende."

Na mimi nilisikia. Mlio mdogo, kama mtu anayefyonya kwa mbali. Nilifungua mdomo, nikaona aibu kumwambia mwanamume habari za gari lake. Nikapanda.

Tulikuwa tumeshaingia Nachingwea gari lilipoanza kuvuta upande. Tairi lilikuwa limelala. La akiba nalo lilikuwa bovu.

Rashidy akalijaza lile lililolala kwa pampu ya mguu, akatega sikio, akapapasa. Hakuona tundu. Akamwagia maji, hakuona. "Sabuni," akasema. Nikatoa mche wa sabuni niliobeba wa msibani, nikaukwangua kwenye kopo la maji, nikapaka povu tairi zima kwa kiganja. Gari zilipita, hazikusimama. Karibu na ukingo, mapovu madogo madogo yakaanza kupanda. Kipande cha waya, chembamba kama sindano. Rashidy akakichomoa kwa koleo, akalipanua tundu, akasukumia utepe wa mpira wenye gundi, akaanza kupampu upya.

"Nilisema tangu Ruangwa," Letisia akasema.

Rashidy akakazana na pampu. Adhana ya Alasiri ilitukuta hapohapo.

Tulipofika Marambo wanaume walikuwa wanarudi na majembe. Mahamudu akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Umekuja kula?"

Nikaenda kukaa mkekani na wanawake. Letisia akapita ndani. Alipotoka alikuwa amejifunga kanga ya Mama, kiuno kimepinda, anakohoa kikohozi cha Mama kile kile. Akaja moja kwa moja mbele yangu.

"Mwanangu Tunu, nimekungoja mpaka mchanga umeniingia machoni. Tairi ulilisikia. Nilikuona. Ukanyamaza."

Wanawake wakaangua kicheko. Shangazi Rukaiya akanisukuma begani. "Mpe chochote akuache, mwanangu. Ndiyo mila."

Sikumpa. Letisia akageuka, akatembea kuelekea jikoni, mguu wa kushoto ukiburuta kama wa Mama. Alikuwa amepatia kabisa. Nilitaka arudi, anitukane tena.