Mkwaju wa Mzee Hhando

Programu yangu ilikuwa na sifa moja niliyojivunia: haikuwahi kugoma. Kila Januari inasoma faili la XML lenye majina ya waongoza watalii wetu hapa Karatu, inalikagua kwa kanuni nilizoandika mwenyewe, halafu orodha inakwenda getini Ngorongoro. Asiyekuwemo, kreta ataiona kwenye kalenda tu.

Mwaka jana, nilipoziandika upya kanuni hizo, mzee Hhando hakuwemo. Bosi wetu, Wilibrodi, alisema mzee hakujaza fomu. Na mimi Elieshi, mjuaji wa kompyuta kutoka Machame, nikadakia mbele ya wafanyakazi wote: "Mzee, fomu hazijijazi zenyewe." Akatoka nje. Mwaka mzima akawa anatembeza wageni kwenye mashamba ya vitunguu.

Leo asubuhi, saa moja kabla orodha haijaondoka, alikuja ofisini akavuta kiti.

"Mwaka huu nataka kujionea kwa macho yangu," akasema.

Nikacheka, nikaendesha programu. Majina arobaini na moja yakaingia, arobaini yakatoka.

Kicheko kikaisha. Nikafungua msimbo wa programu, na hapo nikaukuta mkono wangu mwenyewe: nilikuwa nimeiagiza programu kwamba ikikuta jina lenye kosa, iliruke na isimwambie mtu. Kumbe ndiyo maana haikugoma! Nikaibadilisha itaje kila kosa na mstari wake. Ikataja moja tu: mstari wa 19, "Hhando Bo/ay", alama isiyoruhusiwa.

Ule mkwaju, yaani kile kistari cha mshazari katikati ya jina, ni herufi kamili ya Kiiraqw, sauti ya kooni; mzee huifundisha kanisani kila Jumapili. Mimi niliruhusu herufi za shuleni na kile kialama cha juu kwenye neno ng'ombe, nikajiona nimemaliza lugha zote za nchi. Na miaka sita naishi Karatu! Masikio yaliniwaka kwa aibu.

"Mzee, fomu ulijaza. Mimi ndiye niliyekutoa. Nisamehe."

"Basi nirudishe."

"Sasa hivi. Nautoa tu huu mkwaju, jina linapita."

Akanitazama. "Elieshi mwanangu, mwaka jana ulinifuta mzima. Mwaka huu unataka kunifuta kidogo?"

Jina nikaliacha, nikarekebisha kanuni, nikaendesha tena. Makosa: sifuri. Majina: arobaini na moja. Nikaituma orodha, kisha nikamwita Wilibrodi na wenzetu wote, nikasema mbele yao nilichokifanya. Ilinichoma, lakini nilisema.

Mzee alikuwa bado kwenye kiti chake.

"Umejua kuliandika," akasema. "Haya, litamke."

"Boay."

"Kosa, mstari wa kumi na tisa. Rudia."

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Nikameza mate, nikarudia.