Mapipa ya Bafu la Mfalme

Katika nchi ya Tambarare, nchi ya wanyama isiyo na bahari wala rafiki, kemikali zote za kutoka nje ziliingia kwa lango moja. Langoni alikaa Nungunungu, mkaguzi. Kila pipa lilipofika aling'oa mwiba mgongoni mwake, akauchovya ndani, akautazama. Ukitoka mzima, pipa lilipita. Ukitoka umelainika, pipa lilirudi lilikotoka, na mwenye mzigo akaondoka na matusi yake mdomoni. Mgongo wa Nungunungu ulijaa vipara kama shamba lililoliwa na mchwa. Hakuna aliyemshukuru, naye hakungoja shukrani.

Kisha Mfalme Chui akatoa amri: mzigo wenye nembo ya Ikulu usifunguliwe langoni, na atakayeugeuza njia anyongwe. Tangu hapo mapipa ya Waziri Fisi yote yakavaa nembo. Yaliandikwa "Mafuta ya Bafu la Mfalme", yakapita lango, yakakata kona sokoni hadi kwenye kiwanda cha Fisi cha ngozi. Maji machafu ya kiwanda yakateremkia mtoni. Binti wa pekee wa Nungunungu alioga mtoni humo. Miiba yake ilidondoka kabla ya jioni, pumzi ikafuata.

Nungunungu, mama yake, hakulia hadharani. Alikwenda barazani.

"Mwanangu ameuawa na mapipa ya Waziri," alisema. "Naomba niyafungue."

Fisi alicheka, maana ndivyo alivyojibu kila kitu. "Pole sana, dada yangu. Lakini hayo ni mafuta ya kung'arisha madoa ya Mfalme. Unataka kuchovya mwiba kwenye bafu la mkubwa?"

Baraza zima likacheka. Chui hakucheka. Madoa yake yalichorwa kwenye bendera, kwenye sarafu, hata kwenye mikate ya sikukuu. Alijitazama ubavuni.

"Waziri, mafuta haya nayatilia nembo mwaka mzima. Mbona sijayaona?"

"Yanaiva, Mtukufu," Fisi alisema upesi. "Mafuta mazuri hayaharakishwi."

"Yakiiva niletewe."

"Nimesikia, Mtukufu," alijibu Nungunungu kabla Fisi hajapata la kusema. "Na amri ya nembo nitaifuata neno kwa neno."

Fisi akampigia makofi. "Hivyo ndivyo. Mtumishi anayeelekezeka."

Shehena iliyofuata ilipofika, Nungunungu hakung'oa mwiba. Aliita wapiga tarumbeta. Akawavisha punda mashada, akawabebesha mapipa, akashika barabara kuu mchana kweupe, umati ukiimba kwamba mafuta ya Mfalme yameiva. Penye kona ya soko walimkuta Fisi kasimama katikati ya njia, kicheko kimemkauka.

"Dada, mzigo huu unakatia hapa," alinong'ona.

"Kuugeuza njia ni kitanzi, Mheshimiwa. Au si wa bafuni?"

Fisi aliutazama umati. Kusema ni wa kiwanda ni kujinyonga. Kunyamaza ni kumchuna Mfalme akiwa hai.

"Sema tu," Nungunungu alimwambia taratibu. "Sema ndani mna nini, nami nitayarudisha langoni sasa hivi."

Fisi akasogea pembeni.

Chui aliingia bafuni akiimba. Alitoka akilia, mwekundu kama mnofu buchani, hana doa hata moja. Walinzi wake, waliofundishwa kuyasujudia madoa, wakamuuliza yeye ni nani, kisha wakamfukuza kwa mikuki. Alikimbia mpaka langoni atoroke nchi. Fisi alikuwa amemtangulia. Punda waliobeba mapipa walikuwa wamemkamata, wakamfunga kamba kwenye nguzo, na sasa walimkanyaga kwa zamu.

"Nipishe," Chui alisema.

"Nembo yako iko wapi?" Nungunungu aliuliza.

"Mimi ndiye nembo."

"Siioni."

Chui akashusha sauti. "Huyu fisi alinidanganya, mama. Sikujua."

"Hukujua kwa kuwa hukutaka kuuliza. Mwanangu alikufa kwa muhuri wako, si wa Fisi." Alilifunga lango, Chui akiwa bado ndani. "Na mzigo usio na nembo, Mtukufu, hukaguliwa."

Akaupeleka mkono shingoni, akang'oa mwiba wa mwisho aliobakiwa nao. Safari hii hakutafuta pipa.