Kesi ya Pangaboi Mvumoni

Katika nchi ya Mvumoni cheo cha mtu hakikupimwa kwa hekima wala kwa nasaba, bali kwa kishindo cha ndege yake. Kila waziri na kila liwali alimiliki ndege ndogo ya pangaboi, na yule ambaye ngurumo yake ilitikisa sahani kabatini ndiye aliyetukuzwa. Raia walipaswa kusimama wima hadi mlio uishe, na kwa kuwa mlio haukuisha, kazi nyingi zilifanywa kwa kusimama. Wazazi waliwabembeleza watoto kwa kuwapigapiga mgongoni tu. Nyimbo za kulaza zilikwisha kusahauliwa, wala hakuna aliyezililia.

Humo aliishi Utuvu, fundi wa ndege, mwanamke mpole kama jina lake. Alikuwa na binti wa miaka minne asiyewahi kuisikia sauti ya mama yake ila ikiwa imepazwa, na jambo hilo lilimuuma Utuvu kuliko alivyopenda kukiri. Basi ndege ya Waziri Majivuno ilipoletwa karakanani, aling'oa pangaboi la mapanga mawili, akafunga la mapanga matano mapana yaliyozunguka polepole, na bomba la moshi akalivika kasha la kumeza mlio. Ndege iliruka vizuri kuliko awali. Waziri alipita juu ya soko zima na hakuna aliyesimama.

Utuvu akashtakiwa kwa kumvua kiongozi heshima, kosa ambalo adhabu yake ilikuwa kuhamishwa nchi peke yake, mtoto abaki.

Mahakama ilikaa uwanjani, na kwa desturi ndege ilizunguka juu yake muda wote mshtakiwa alipojitetea, ati kuitukuza sheria. Hakuna utetezi uliowahi kusikika. Siku hiyo, kwa kuwa kielelezo kilipaswa kuonyeshwa, ilirushwa ndege ile ile ya Waziri, nyingine zote zikiwa zimetua.

"Jitetee," alisema Jaji Pupa.

"Mheshimiwa Jaji," Utuvu alianza, huku binti yake amemshika nguo, "sikukusudia kumdhalilisha mtu. Nilitaka mwanangu aijue sauti yangu."

Jaji Pupa alitazama juu, akaiona ndege, na kwa mazoea ya miaka thelathini akamwinamia mwenziwe, Jaji Ridhaa, akapaza sauti:

"Huyu mama hana hatia, lakini hukumu Waziri alituletea tangu juzi. Wewe itikia kwa kichwa kama siku zote, twende tukale."

Jaji Ridhaa alikuwa ameshaitikia. Uwanja mzima ulisikia, na wengi uwanjani walikuwa na ndugu uhamishoni.

Mwanamke mmoja akauliza, kwa sauti ya kawaida, "Na mume wangu je, Mheshimiwa?"

Jaji Pupa alitazama tena juu, akingoja ngurumo imfiche. Ndege ilipita. Utuvu alimshika binti yake mkono wakaondoka bila kuaga, na hapakuwa na askari wa kuwazuia, maana askari nao walikuwa wamepanga foleni ya kuuliza.