Meno ya Mbuzi ya Yumna

Sanduku la grenda lilikuwa na picha ya bwana mmoja aliyevaa miwani ya kinga, glavu nene na vizibo vya masikio, akikata chuma huku cheche zikimrukia pembeni kwa adabu. Ndani ya sanduku hamkuwa na miwani, wala glavu, wala vizibo. Mlikuwa na grenda, diski moja ya kukatia, na karatasi ya maelezo kwa lugha ambayo hakuna mtu katika nyumba ya Mwalimu Hashil aliyeweza kuitambua.

"Na bwana mwenyewe hawakumtia?" aliuliza Wafa, mkewe, akichungulia ndani ya sanduku. "Maana yeye ndiye anayejua kuitumia."

Hashil alikuwa mwalimu wa kemia katika sekondari moja ya Chake Chake, na miaka mingi ya kusimama mbele ya vijana ilikuwa imemfundisha kwamba si kila swali linaulizwa ili lijibiwe. Aliigeuza grenda mkononi. Ilikuwa nyepesi kuliko alivyotarajia, na kifaa chepesi ama kimetengenezwa kwa akili sana ama kimepunguzwa vitu. Alikuwa ameinunua pale Wesha, dukani karibu na bandari, kwa bei iliyomfanya aulize mara mbili kama ni ya grenda nzima.

Sababu ya kuinunua ilikuwa mbuzi. Katika ukoo wao, mwari haendi kwa mumewe bila mbuzi ya kukunia nazi iliyotengenezwa na baba yake. Ya dukani haihesabiwi. Siku moja kabla ya harusi, shangazi wa bibi harusi huikalia mbuzi hiyo mbele ya wanawake wa pande zote mbili, akakuna nazi ya kwanza, na tui lake likapikiwa wali. Wali ukisifiwa, mbuzi inafungwa pamoja na vyombo. Usiposifiwa, mbuzi inabaki kwa baba na binti anaondoka bila mbuzi. Jambo hilo liliwahi kutokea mara moja, kwa ami yao mmoja, na mpaka leo mzee yule akipita njiani hutajwa kwa wali ule kabla ya kutajwa kwa jina lake.

Hashil alikuwa na binti mmoja tu, Yumna, na Yumna alikuwa anaolewa Msuka Ijumaa ile. Shangazi wa pekee aliyebaki hai alikuwa Bi Hamdiya wa Kengeja, dada mkubwa wa Hashil, aliyestaafu ualimu mkuu wa skuli ya msingi lakini hakustaafu kusahihisha.

"Mie nna blenda, baba," Yumna alikuwa amesema tangu mwanzo, kwa nia ya kumwondolea baba yake mzigo.

"Blenda haikaliwi na shangazi," alijibu mama yake, na mjadala ukaishia hapo.

Marehemu baba yake Hashil alitengeneza mbuzi za binti zake kwa tupa, kwa mkono, juma zima kwa kila moja. Hashil hakuwa na juma zima. Tena alikuwa na hoja, na aliieleza mezani kwa utulivu kama anayeandika ubaoni. Fundi anatumia grenda kila siku, kwa hiyo kwake kifaa cha bei rahisi ni hasara, kitamfia mkononi kabla ya mwezi kwisha. Lakini mtu wa kujifurahisha, anayekata chuma mara chache kwa mwaka, ana haja gani na kifaa cha kudumu? Anakuwa ananunua miaka ambayo hataitumia.

"Maneno mazuri," alisema Wafa. "Na ile rafu ya vitabu, ilimfurahisha nani?"

Wote watatu waliitazama rafu. Hashil aliitengeneza mwaka uliopita kwa msumeno wa rahisi, na tangu siku hiyo ilikuwa imeegemea ukuta kama mgonjwa anayesubiri kuitwa jina.

Kazi ilianza Jumanne baada ya skuli. Kibao kilikuwa tayari, kile cha kukunjwa, mbao mbili zinazopishana, na safari hii hakikuyumba. Kilichobaki ni ulimi wa chuma wenye meno, ule unaotokeza mbele. Chuma alikuwa nacho, kipande kirefu cha springi ya gari ya abiria iliyofia Kengeja. Alivaa miwani ya maabara aliyoiazima skuli, Yumna akamfunga kanga puani asivute vumbi, na Wafa akasimama mbali, karibu na swichi ya ukutani, kwa sababu, alisema, lazima awepo mtu mmoja mwenye akili timamu.

Grenda ilikata. Hilo Hashil alitaka lieleweke, na ndilo lililokuwa kweli. Chuma ambacho msumeno wa chuma ungekihangaikia mpaka magharibi, grenda ilikipasua huku akihesabu pumzi zake. Ila diski iliyokuja nayo iliisha ikiwa katikati ya kazi, ikawa ndogo kama sarafu, na diski nzuri aliyoifuata Chake Chake ilikaribia bei ya grenda yenyewe. Mota nayo ilitoa harufu ya waya unaoungua, akawa anaipumzisha kila mara. Na swichi ya grenda ilikuwa na tabia ya kukwama. Akitaka kuizima, alimwashiria Wafa achomoe waya.

"Kumbe bwana wa kwenye picha naye ana mke," alisema Wafa. "Hawakumwonyesha tu."

Kisha yakaja meno. Hapo Hashil aligundua kitu ambacho picha isingeweza kuonyesha. Mhimili unaoshika diski ulikuwa unacheza. Kwa macho usingeona, lakini diski nyembamba ilikuwa inachimba mfereji mpana, na kila alipojaribu kuchonga jino dogo, mtikisiko ulilila jino la jirani. Meno yakatoka machache, mapana, yenye nafasi kubwa kati yao, na ncha zake zikageuka rangi ya buluu kwa joto. Buluu ile ilimpendeza. Alikwisha kuusafisha ulimi na kuukaza kwenye kibao ndipo akakumbuka kwamba ni yeye anayewafundisha kidato cha tatu maana ya rangi ile kwenye chuma cha springi. Chuma kilichopata joto namna ile kimelainika, na meno yake yatachoka mapema.

Alipitisha kidole juu ya meno. Yalikuwa makali. Alijiambia kwamba ukali ndio unaotakiwa, akalala akiwa amekubaliana na nafsi yake kwa asilimia isiyofika mia.

Jumatano asubuhi aliomba ruhusa skuli, akarudi nyumbani na bika ya maabara na mizani ndogo. Hakutaka kubishana na wasiwasi wake, alitaka kuupima. Alivunja nazi moja, nusu akaikuna kwa mbuzi mpya, nusu kwa mbuzi ya Wafa, ile iliyotengenezwa na baba yake Wafa. Akapima uzito uwe sawa, akatia maji sawasawa, akakamua kwa kifumbu kile kile na mkono ule ule. Tui la mbuzi mpya lilikuwa jepesi, na lilipungua kwa kiasi ambacho hakuhitaji miwani kukiona. Alivunja nazi ya pili, kwa kuwa jaribio moja si jaribio.

Alikuwa ameikalia mbuzi, suruali imekunjwa, nazi mkononi, hodi ilipobishwa mlangoni na Bi Hamdiya akaingia na mkoba wake. Alikuwa amewahi, kama kawaida yake. Alisimama akimtazama ndugu yake kutoka juu mpaka chini.

"Hashil," alisema. "Umeolewa lini, nasi hatukualikwa?"

"Karibu, dada. Nafanya jaribio."

"Nshaona. Na mume ameridhika?"

Wafa aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika. Hashil aliinuka, akafuta mikono. Angeweza kuzimwaga bika zile mbili na kuanza kuuliza habari za Kengeja. Badala yake alizisogeza mbele ya dada yake.

"Hii ni ya mbuzi mpya, na hii ya mbuzi ya Wafa. Nazi moja, maji sawa. Mbuzi mpya inatoa tui kidogo. Mara ya kwanza sikuamini, nikarudia."

"Na uliporudia?"

"Yale yale."

"Basi nakupa maksi za kurudia," alisema Bi Hamdiya. Alivua baibui, akaikalia mbuzi mpya, akakuna. Nazi ilianguka sahanini kwa nyuzi ndefu, nene, nyeupe. Alizichota kwa vidole, akaziinua kwenye mwanga, akatia mdomoni, akatafuna polepole kuliko ilivyohitajika.

"Hii nazi, au uzi wa kushonea matanga? Tui la hapa utampikia mgonjwa aliyekatazwa mafuta."

"Nyuzi nene hazitoi tui," alisema Hashil. "Nazi ikikunwa laini ndiyo inayokamulika. Kosa ni meno, na kosa la meno ni mhimili wa grenda."

"Kosa la grenda. Na grenda imejinunua?"

"Nimeinunua mimi. Kesho usinipitishe kwa huruma, dada. Msuka wataonja, na atakayetajwa ni Yumna, si mimi."

"Huruma?" Bi Hamdiya alimgeukia Wafa. "Mie huyu ananijua kweli?"

Akafungua mkoba, akatoa kitu kilichoviringwa gazeti. Ilikuwa tupa ya marehemu baba yao. Wafa alikuwa amempigia simu usiku wa Jumatatu, siku grenda ilipoingia nyumbani, akamsimulia kila kitu, pamoja na ile hoja ya mezani.

Hashil aliipokea tupa, akamtazama mkewe, na mkewe akapata kazi ya haraka jikoni.

Nusu ya springi ilikuwa bado ipo. Grenda ilikata ulimi mwingine hata chai ya Bi Hamdiya haijapoa, na bila mashine ile siku nzima ingeliwa na kukata tu. Baada ya hapo Hashil hakuiwasha tena. Aliupasha ulimi kwenye makaa ya Wafa mpaka ukawa mwekundu, akaufukia kwenye majivu upoe taratibu ili chuma kilainike kote, na baada ya adhuhuri akakaa barazani na tupa. Jino baada ya jino, dogo, karibukaribu. Bi Hamdiya alikaa kwenye kiti pembeni yake, akisahihisha.

"Hilo limelala."

"Limesimama."

"Limesimama kama rafu yako."

Akalitia tupa tena. Kabla ya magharibi meno yalikuwa yamekamilika. Aliyapasha upya yakawa mekundu, akayazamisha kwenye mafuta yapate ugumu.

"Hayo ni mafuta yangu ya maandazi," alisema Wafa.

"Ni ya rahisi?"

"Si ya rahisi."

"Basi yatafaa," alisema Hashil, na kwa mara ya kwanza siku ile alicheka yeye peke yake.

Alhamisi wanawake wa Msuka walijaa ukumbini, na Hashil alikaa nje barazani na gazeti aliloshindwa kulisoma. Alisikia mlio wa mbuzi kupitia dirishani, mlio mdogo wa haraka, kama mtu anayepiga mswaki. Alisikia kifumbu kikikamuliwa. Kisha hakusikia kitu kwa muda mrefu, maana wali haupikiki kwa kelele. Yumna alipita mlangoni mara moja, akajifanya anatafuta viatu.

"Laini kama unga, baba," alinong'ona, akarudi ndani.

Wali ulipopakuliwa, mama mkwe wa Msuka alikula sahani yake yote, akaomba ukoko. Ukoko hauombwi kwa wali mbaya. Mbuzi ikafungwa kanga mpya, ikawekwa juu ya vyombo vya Yumna, na blenda ikawekwa chini yake.

Jioni Bi Hamdiya alijiandaa kurudi kwake kuchukua nguo za harusi. Hashil alimbebea mkoba mpaka barabarani, na mkoba ulikuwa mzito kuliko tupa na gazeti. Alipoufungua akaona ulimi wa kwanza, wenye meno mapana ya buluu.

"Dada, huu si ulishindwa?"

"Ulishindwa wali," alisema Bi Hamdiya, akiuchukua mkoba wake. "Kashata zinataka nyuzi ndefu. Miaka yote nakuna kwa mbuzi ya baba, kashata zinatoka kama uji ulioganda."

"Meno yatachoka mapema. Yamelainika."

"Yakichoka utayatia tupa. Nimekuachia. Na kibao chake utanitengenezea."

"Grenda haichongi mbao."

Gari ilikuwa inakuja. Bi Hamdiya aliinyooshea mkono isimame.

"Basi kanunue na randa," alisema. "Ya rahisi. Mtu wa kujifurahisha ana haja gani na kitu cha kudumu?"