Tanuru la Elimringi

Elimringi amefungua kiwanda cha majembe nyuma ya duka lake la vifaa, hapa Kariakoo. Nakiita kiwanda kwa sababu bango la mlangoni linasema hivyo. Majembe yanakuja na maboksi kutoka bandarini, yameshafuliwa na kunolewa huko ng'ambo. Vijana wanakwangua nembo ya wageni kwa msasa, wanapaka rangi ya kijani, wanabandika bendera yetu. Siku hizi serikali inawapa zabuni wenye viwanda, basi kila mwenye brashi ni mwenye kiwanda.

Mjukuu wangu Bakili ni mhunzi kweli. Nilimlea mimi, Magomeni, na kufua chuma alifundishwa na marehemu babu yake. Elimringi alimchukua kama kibarua, akamwahidi tanuru. Tanuru likaja, kubwa, likakaa bila moto.

Siku ya uzinduzi ndipo likawashwa. Elimringi hafanyi sherehe bila mbuzi, na uani hapakuwa na pa kuchomea, basi asubuhi mbuzi akachomewa humo humo.

Kisha akamvisha Bakili ovaroli mpya, akamsimamisha mbele ya tanuru na nyundo mkononi. Alimwambia akijibu vizuri mbele ya mgeni rasmi, ajira ya kudumu ni yake. Mimi nilialikwa kama mzazi. Candida, mke wa Elimringi, aliniona juani, akanihamishia kiti kivulini kwa mikono yake, hakutuma mtu.

Mgeni rasmi alipofika moto ukakolezwa. Mafuta ya mbuzi yakaungua, uani kote kukanukia. Akavuta pumzi, akasema chuma cha nyumbani kina harufu yake. Wakapiga makofi, watu wazima na tai zao.

Akamgeukia mjukuu wangu. "Haya fundi, umeshafua majembe mangapi hapa?"

Bakili akanitazama. Sikumfanyia ishara yoyote. Kazi ilikuwa yake na ulimi ni wake.

"Shikamoo mheshimiwa. Hapa sijafua hata moja. Tunapaka rangi tu."

Elimringi akafumba macho. Mgeni rasmi akacheka, akampiga Bakili begani. "Mnaona unyenyekevu wa mafundi wetu?"

Makofi tena, makubwa kuliko ya kwanza. Utepe ukakatwa. Aliyeamua kutosikia, hata ukweli ukipigiwa ngoma ataucheza.

Mgeni alipoondoka, Elimringi alimwambia Bakili avue ovaroli na asirudi.

"Sawa, Mangi," Bakili akasema, maana ndivyo vijana wote wanavyomwita tajiri wao. Akaikunja vizuri, akaiweka juu ya maboksi. Aliniambia kesho yake ataomba kona kwa wahunzi wa mtaa wa Gerezani.

Candida alitufuata hadi barabarani na kifurushi cha nyama.

"Bibi, msiondoke na njaa. Kijana wako hajakosa."

Tulikula tumekaa kwenye bustani ya Mnazi Mmoja. Nyama ilikuwa imeiva vizuri sana. Ndicho kitu pekee kilichowahi kutengenezwa katika tanuru lile.