Shusha Kisigino

Mukonyo alikuwa na neno moja tu la kupandia mlima, na alilisema kwa kelele kutoka Kitengela hadi Kajiado mpaka wachungaji wa kandokando ya barabara wakalishika: "Shusha!"

Maana yake shusha kisigino. Mpwa wake Nthenya, binti wa dada yake, alikuwa na kipaji cha baiskeli, lakini kwenye mlima alikuwa na tabia mbaya ajabu. Alikanyaga pedali kwa ncha za vidole, kisigino juu, kama mtu anayemchungulia jirani juu ya ua. Ukipanda hivyo mashavu ya miguu yanakaza, na nusu ya kilima hujafika umekwisha.

"Wewe si dansa," Mukonyo alimwambia. "Kanyaga na pale kiatu kinakunjika, nyuma ya vidole. Ukisukuma, kisigino kishuke kidogo. Pedali ikifika chini, vuta nyuma kama unakwangua matope ya Kitengela kwa soli. Na usiangalie juu. Mlima ukiangaliwa unaongezeka."

"Na nikisahau, Anko?"

"Utasahau aje na mimi niko na mdomo?"

Mdomo alikuwa nao kweli. Ndio uleule uliomwapia dada yake kwamba mtoto atarudi salama. Mama Nthenya, muuza mitumba pale Kitengela, hakuitaka hii baiskeli hata kidogo, maana barabara ya Namanga ina malori yasiyojua mtoto wa mtu. Alikubali kwa shingo upande. "Umemchukua akiwa mzima, umrudishe akiwa mzima," alisema. "Akipatwa na kitu, undugu wetu umeisha." Mukonyo alicheka, lakini maneno yalimkaa.

Jumamosi hiyo walikuwa wamebakisha kilima cha mwisho kabla ya Kajiado. Nthenya alikuwa mbele peke yake kwenye baiskeli. Mukonyo alimfuata kwa mbali, amekaa nyuma ya pikipiki ya Khisa, mwanabodaboda asiyejua kunyamaza.

"Shusha!" Mukonyo alipaaza sauti. Kisigino kikashuka. "Shusha!" Kikashuka tena, laini, na baiskeli ikapanda bila kuyumba.

"Leo huyu msichana anatupeleka mpaka Tanzania!" Khisa alisema.

Mukonyo alifurahi, hakuficha. Mtoto ameshika kazi! Hapo ndipo lori lilipotokea juu ya kilima. Lilikuwa limejaa vitunguu vya kutoka Namanga, moshi unatoka kwenye magurudumu, honi inalia bila kukatika. Likaacha upande wake, likaja upande wao.

"Breki imeenda!" Khisa alisema, akasimamisha pikipiki palepale.

Nthenya alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama pedali zake, kama alivyofundishwa.

"Shuka!" Mukonyo alipiga kelele. "Nthenya, shuka! Shuka!"

Alitaka ashuke lami, aingie kwenye nyasi za kando. Basi.

Kisigino kikashuka.

Jamani! Honi ilikuwa imelimeza lile neno, na kilichomfikia mtoto ni kile alichozoea kukisikia. Mukonyo alipiga kelele tena, na tena, na kila alipopiga, Nthenya alizidi kukanyaga: shusha, kwangua, vuta, kama mtu anayeonyesha wenzake inavyofanywa. Hajawahi kupanda vizuri namna ile. Mukonyo aliruka kutoka kwenye pikipiki akakimbia, mikono hewani, akitafuta neno lingine, lolote, hata la Kikamba, asilipate. Sikio la kufa halisikii dawa, ndilo wazo pekee lililomjia, na lilimtia hofu hadi miguu ikakataa kwenda. Lori likafika. Akafumba macho.

Palikuwa na upepo mkali, kisha kishindo, kisha vitunguu vikaanza kuviringika juu ya lami. Hakutaka kufumbua macho. Angeyafumbua aone nini?

"Mzee," Khisa alisema nyuma yake, sauti imepungua. "Tazama tu."

Nthenya alikuwa amesimama katikati ya lami, mguu mmoja chini, mzima, hana hata mkwaruzo. Lililoshuka ni lori. Lilikuwa limeacha lami, likapita kwenye nyasi za kando, likalala kwenye miiba huko chini.

Dereva alitoka kupitia dirishani, uso umejaa vumbi. "Nilikuwa nimeshakata kuja huku kando," alisema kabla hajaulizwa, "nimwachie huyo dada lami. Usukani ukakwama hapo hapo. Mungu ni mkubwa, hakukuwa na mtu kwa nyasi. Ningemlalia."

Mukonyo aliziangalia alama za magurudumu. Zilipita palepale alipokuwa akimtuma mtoto wa dada yake kwa sauti yake yote. Akaketi barabarani.

Nthenya alikuja akisukuma baiskeli, analia na kucheka kwa pamoja. "Woi, Anko! Hata sikuliona! Nilisikia tu unasema shusha, nikashusha."

"Sikusema shusha."

"Ulisema."

"Nilisema shuka. Nilitaka uende pale kwa nyasi, Nthenya. Ni mimi nilikuwa nakutuma pale."

Nthenya aligeuka. Aliziangalia nyasi zilizolala, na udongo uliochimbuka, akaziangalia kwa muda mrefu. Kisha baiskeli ikamponyoka mkononi, akaketi kando ya mjomba wake.

"Ningesikia vizuri ningeshuka, Anko," alisema polepole. "Wewe ukiniambia kitu, mimi hufanya tu."